Sauti Kama Amana: Muziki wa Majaribio na Suala la Ujumbe wa Kijamii

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika pande mbili, fani na maudhui, hata kama wahakiki wengi hukiri kwamba mgawanyo huo ni wa kurahisisha mjadala tu. Mgawanyo huu hufaa panapokuwa na maneno. Shairi husemwa kuwa lina dhamira fulani kwa sababu beti zake zaweza kufafanuliwa kwa lugha ya nathari. Wimbo husemwa kuwa unakemea dhuluma kwa sababu maneno yake yanaikemea. Hata hivyo, ipo aina ya muziki ambayo tangu katikati ya karne ya ishirini imeivuruga hesabu hii. Watunzi wake huziacha kwa makusudi kanuni zilizozoeleka za lahani, mapigo na upatanifu wa sauti, wakatumia kelele, kimya, kanda zilizokatwa na kuungwa upya, au maagizo yanayowaachia wapigaji wenyewe uamuzi. Muziki huo huitwa wa majaribio. Watunzi wake kadhaa wamedai kwamba kwa njia hiyo wanasema jambo juu ya vita, jela, ubaguzi na unyonge wa wafanyakazi.

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni hili: sauti iliyoachana na maneno, au iliyoyavunjavunja maneno, husemaje jambo la kisiasa? Nalo huzaa la pili: ikiwa sauti hiyo imechukuliwa kutoka kwa mtu aliyeteswa, mtunzi ana haki gani juu yake? Aghalabu la kwanza huachiwa wanafalsafa wa sanaa na la pili wanamaadili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maswali haya hayatengani. Jinsi muziki wa majaribio unavyobeba ujumbe haiwezi kuelezwa pasipo kueleza ni nani aliyetoa sauti, ni nani aliyeipokea, na ni deni gani limebaki kati yao.

Mfano wa kuanzia ni kazi ya Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland, iliyotungwa mwaka 1960 kwa ala 52 za nyuzi. Wapigaji hutakiwa kutoa sauti za juu kabisa ambazo ala zao zaweza kutoa, kugonga mbao za ala kwa vidole, na kuzirundika sauti zilizokaribiana hadi zikawa kama ukuta mmoja. Awali kazi hii iliitwa kwa urefu wa muda wake tu, dakika 8 na sekunde 37. Baadaye ndipo ilipopewa jina la kuwaombolezea wahanga wa Hiroshima, mji uliopigwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Tangu hapo wasikilizaji husema kwamba wanasikia humo ndege, ving'ora na mayowe. Sauti zilikuwa zimekwisha kutungwa kabla ya jina hilo. Lililokuja baadaye ni neno.

Kutokana na kisa hiki, mwenye shaka atasema kwamba muziki huo haukuwa na ujumbe wowote ila ule uliobandikwa juu yake, kama vile karatasi inavyobandikwa juu ya chupa. Mtetezi atajibu kwamba karatasi hiyo haingeshika juu ya chupa yoyote ile: wimbo wa kubembeleza mtoto usingeweza kubeba jina la Hiroshima. Wote wawili wana haki kwa kiasi fulani. Lakini katika majibizano yao wahanga wenyewe hawatajwi. Wametoa jina tu, nalo limeipa kazi uzito. Kazi imewapa nini wao? Hapa ndipo swali la falsafa linapogeuka kuwa la maadili.

Mbiu, Wimbo na Tuzo

Kabla ya kuendelea na watunzi wa Ulaya na Marekani, inafaa kuangalia jinsi suala la sauti na ujumbe linavyoeleweka katika mapokeo ya Waswahili, maadamu mhakiki huenda kusikiliza akiwa na masikio aliyolelewa nayo. Methali husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu haina maneno. Hata hivyo, mtu aliyeisikia huacha shughuli yake na kwenda kuuliza. Basi si kweli kwamba mapokeo haya hayajui sauti tupu yenye ujumbe. Ila mbiu hutegemea mapatano. Watu wa mji wamekwisha kukubaliana, kabla pembe haijapigwa, kwamba mlio huo unaita. Kisha mbiu huita tu. Jambo lenyewe huelezwa baadaye kwa maneno ya mpiga mbiu. Muziki wa majaribio huvunja hayo mapatano, kwani ukiyafuata haubaki wa majaribio. Unaita watu ambao hawajaambiwa kwamba mlio huo ni wa kuitwa.

Katika wimbo, kwa upande mwingine, neno ndilo lililotawala. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya watu na visa vya wakati wake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke na jinsi muuaji alivyotoroka kuvuka bahari, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa na mahakama ya wakoloni. Wimbo huo umehifadhi dhuluma ambayo mahakama haikuitambua, na umeihifadhi kwa majina na kwa maneno yanayoeleweka. Aliyesikiliza alijua ni nani aliyekosewa na ni nani aliyekosa.

Hata hivyo, taarabu yenyewe inaonyesha kwamba neno peke yake halitoshi. Katika onyesho la taarabu, msikilizaji huinuka akaenda kumtunza mwimbaji, noti akiwa ameiinua juu ili ionekane. Huenda akapita mbele ya mtu fulani, akasita, kisha akaendelea. Wakati huo maneno ya wimbo, ambayo labda yalitungwa mjini kwingine na mtu asiyemjua yeyote kati yao, huwa ni maneno yake. Ameyachukua na kuyaelekeza. Ujumbe uliokuwa fumbo sasa una mtoaji na mlengwa, na kila mtu ukumbini ameuelewa. Mtunzi hakuuweka ujumbe huo humo. Aliacha nafasi, na tendo la msikilizaji likaijaza. Kwa hiyo hata katika sanaa inayotukuza neno, maana hukamilishwa na tendo la kijamii. Tofauti kati ya taarabu na muziki wa majaribio, kwa mintarafu hii, ni ya kiwango. Muziki wa majaribio huiongeza nafasi hiyo na kumwachia msikilizaji kazi kubwa zaidi. Lililobaki ni kuona jinsi nafasi hiyo inavyojazwa, na kwa gharama ya nani.

Kijana wa Harlem

Mwezi wa Aprili 1964, katika mtaa wa Harlem mjini New York, kulitokea purukushani kwenye kibanda kimoja cha matunda. Polisi waliofika waliwapiga watoto na watu wazima waliojaribu kuwakinga. Miongoni mwa waliopigwa alikuwa Daniel Hamm, kijana mweusi, ambaye alipelekwa kituoni akapigwa tena. Waliopelekwa hospitali ni wale tu waliokuwa wakivuja damu. Hamm alikuwa na uvimbe uliovilia damu ndani, lakini ngozi yake haikuwa imechanika. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimbidi autumbue uvimbe huo ili damu itoke, waione.

Siku chache baadaye mwanamke mwenye duka la nguo mtaani humo aliuawa. Hamm na wenzake watano walikamatwa, na mwaka 1965 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kesi yao ikajulikana kama kesi ya Sita wa Harlem. Mahakama ya rufaa ilizibatilisha hukumu hizo mwaka 1968, lakini Hamm hakutoka gerezani hadi mwaka 1974.

Truman Nelson, mwandishi na mtetezi wa haki za raia, alikuwa na kanda za mahojiano ya kesi hiyo. Alimwomba Steve Reich, mtunzi ambaye wakati huo hakuwa amefikia umri wa miaka thelathini, azihariri kwa ajili ya tamasha la kuchangisha fedha za kesi mpya, lililofanyika katika ukumbi wa Town Hall, New York, mwezi wa Aprili 1966. Reich alikubali kwa sharti kwamba akipata humo kipande kitakachomfaa, aruhusiwe kukitungia kazi yake. Alichokipata ni sentensi ya Hamm juu ya uvimbe na damu. Kazi iliyotokana nayo, Come Out, huchukua karibu dakika 13.

Mwanzoni sentensi nzima husikika mara tatu. Kisha hubaki maneno matano ya mwisho, yale yanayosema kwamba damu itoke ili waonyeshwe. Maneno hayo hurudiwa kutoka katika vinasa sauti viwili vilivyoanza pamoja. Kimoja hutangulia kwa kiasi kidogo mno, na mwanzoni tofauti yao husikika kama mwangwi. Pole pole pengo huongezeka, hata sauti zikawa mbili zinazofuatana. Kisha mbili huwa nne, na nne huwa nane. Kufikia mwisho hakuna neno linaloweza kutambuliwa. Husikika mfululizo wa mivumo na mapigo tu, na msikilizaji aliyeingia ukumbini wakati huo asingejua kwamba ni mtu anayesema.

Kuna njia mbili za kuihukumu kazi hii. Ya kwanza ni kali. Hamm alitoa ushahidi. Lengo la mtoa ushahidi ni kueleweka na kuaminiwa. Mtunzi aliyakata maneno yake, akayarudia hadi yakapoteza maana, akatia jina lake juu ya matokeo. Mwaka uo huo wa 1966, James Baldwin alichapisha katika jarida la The Nation makala juu ya kesi iyo hiyo. Yeye aliwaacha waliopigwa waeleze kwa maneno yao wenyewe, na msomaji akajua la kufanya nayo. Kwa kipimo hiki, Baldwin alimtumikia shahidi, na Reich alimtumia.

Njia ya pili inahitaji subira zaidi. Katika kisa cha Hamm, neno lilikuwa limekwisha kushindwa kabla mtunzi hajaligusa. Alisema kwamba ameumia, hakuaminiwa. Ndipo mwili ukalazimika kusema mahali pa ulimi, na damu ikawa ndiyo hoja. Kazi ya Reich inaipitia njia iyo hiyo mbele ya masikio ya hadhira. Neno linasemwa waziwazi. Linasemwa tena na tena pasipo mtu wa kulijibu. Mwishowe linakuwa sauti ya mwili tu, pumzi na mapigo. Msikilizaji aliyeketi ukumbini anajikuta amewekwa mahali pa askari aliyekaa kituoni: anasikia mtu akisema, na kadiri anavyozidi kusikia ndivyo asivyozidi kuelewa. Jambo hili halisemwi na makala ya Baldwin, wala halingeweza kusemwa na makala yoyote, kwa sababu makala humweka msomaji upande wa mwenye kuelewa. Muziki wa majaribio humweka upande wa mwenye kutoelewa, na kumfanya aone aibu ya mahali hapo.

Hii ndiyo nguvu ya pekee ya muziki huu. Ujumbe wake haufiki ukiwa umekamilika mithili ya barua. Humpata msikilizaji ukiwa hali ambayo amewekwa ndani yake na ambayo hana budi kuitolea hukumu. Lakini nguvu hiyo ina sharti. Mabadiliko ya neno kuwa kelele yana maana kwa yule tu aliyekwisha kulisikia neno hilo likiwa zima na kujua ni la nani. Ile sentensi inayosikika mara tatu mwanzoni ni nguzo inayoishikilia kazi yote. Msikilizaji akiipuuza, au mtangazaji akikosa kueleza habari zake, kinachobaki ni mchezo wa vinasa sauti viwili.

Nayo kazi imesafiri mbali. Mwaka 1967 ilitolewa katika sahani ya santuri pamoja na muziki mwingine wa kielektroniki. Mwaka 1982 Anne Teresa De Keersmaeker, msanii wa ngoma kutoka Ubelgiji, aliitumia katika onyesho lake liitwalo Fase, ambalo limechezwa katika majumba mengi ya sanaa. Hakuna ubaya katika safari hiyo. Hata hivyo, katika tamasha la Town Hall fedha zilikuwa zikichangwa kwa ajili ya yule yule aliyesikika, na kila aliyekaa humo alijua kwamba bado yumo gerezani. Sauti ilitolewa na kitu kikarudi. Mahali pengine palipopigwa kazi hiyo, sauti imeendelea kutolewa.

Barua Kutoka Attica

Kisa cha pili kinahusu sauti ambayo mwenyewe hakuwepo tena kuidai. Wafungwa wa jela ya Attica, katika jimbo la New York, waliasi tarehe 9 Septemba 1971 wakidai kutendewa kama binadamu. Tarehe 13 askari wa serikali waliivamia jela kwa bunduki. Jumla ya waliokufa katika mkasa huo ilikuwa watu 43, wafungwa na walinzi, wengi wao kwa risasi za waliotumwa kuikomboa jela. Miongoni mwa wafungwa waliouawa alikuwa Sam Melville, Mmarekani mweupe aliyefungwa kwa kosa la kutega mabomu katika majengo mjini New York mwaka 1969.

Melville alikuwa ameandika barua miezi michache kabla ya maasi. Ndani yake anaeleza jinsi muda unavyopita upesi, afya yake ilivyo njema, na jinsi alivyotulia akilini katikati ya ukatili na kelele za jela. Frederic Rzewski, mtunzi wa Marekani, aliitumia barua hiyo katika kazi yake ya Coming Together. Msemaji huisoma barua, akirudia sehemu zake mara nyingi, juu ya mstari wa besi usiokatika na usiopunguza mwendo. Mstari wa besi umeandikwa wote; idadi na aina ya ala nyingine havikutajwa. Wapigaji wengine huchagua nota kutoka katika mstari huo kufuatana na kanuni walizopewa, wakizidi kujiunga nao kadiri kazi inavyoendelea.

Ikisomwa mara moja, barua ya Melville ni ya mtu mtulivu. Ikirudiwa juu ya besi ile, utulivu wake unaanza kutisha, kwani msikilizaji anajua mwandishi hajui nini. Hapa maneno hayavunjwi kama yalivyovunjwa ya Hamm. Yanabaki yakieleweka hadi mwisho. Kinachobadilika ni uzito wake. Fauka ya hayo, jambo linalosemwa juu ya umoja wa wafungwa halisemwi na msemaji. Linatendwa na wapigaji, ambao kila mmoja ana uhuru wa kuchagua, ila hakuna awezaye kuuacha mstari wa pamoja asipotee.

Msomaji wa fasihi ya Kenya atakumbuka hapa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani, ambako Abdilatif alikuwa amefungwa kutokana na kijitabu chake cha Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968. Yalitungwa kwa kufuata vina na mizani, kwa bahari ambazo Waswahili wamezijua kwa karne nyingi. Ulinganisho huu una funzo. Abdilatif alitoka mwaka 1972 akaitoa sauti yake mwenyewe, kwa umbo alilolichagua. Yeye ndiye mwenye mali, wala hakuhitaji kuvunja umbo ili asikike. Umbo la mapokeo lilikuwa ndilo njia ya kufikia hadhira yake. Melville hakutoka. Barua yake ilibaki mikononi mwa watu wengine, na mtu mwingine ndiye aliyeamua isikike vipi. Mtu akiacha kitu mikononi mwa mwingine namna hii, Waswahili wana neno la kukitaja: amana.

Amana si zawadi. Aliyepewa zawadi aweza kuifanyia apendavyo. Aliyewekewa amana huitunza kwa ajili ya mwenyewe, na huulizwa. Wala amana si kitu cha kufungiwa sandukuni pasipo kuguswa, kwani mali nyingine huharibika zisipotumiwa. Mlezi wa yatima aweza kuifanyia biashara mali ya yatima almuradi faida imrudie mwenyewe. Dhana hii inaeleza vizuri zaidi uhusiano wa mtunzi na sauti aliyoichukua kuliko dhana ya haki ya mtunzi, ambayo humtazama mtunzi tu, au ile ya wizi, ambayo hufanya kila matumizi kuwa kosa. Rzewski alitunga kazi ya pili, Attica, kutokana na maneno ya mfungwa aliyesalimika, Richard X. Clark, ambaye alipotolewa na kuulizwa anavyojisikia kuiacha jela nyuma yake, alijibu kwamba anaiona iko mbele yake. Kwa kuziweka kazi hizo mbili pamoja, mtunzi alikataa kuifanya barua ya marehemu kuwa pambo la huzuni. Amana ilirudishwa kwa walio hai, ikiwa imeongezeka swali.

Shutuma ya Cardew

Ipo shutuma moja ambayo haiwezi kukwepwa, na aliyeitoa kwa ukali zaidi alikuwa mwenyewe mtunzi wa majaribio. Cornelius Cardew, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1936, alifanya kazi ujanani kama msaidizi wa Karlheinz Stockhausen nchini Ujerumani. Kati ya 1963 na 1967 alitunga Treatise, kurasa 193 za mistari, miduara na maumbo, pasipo maagizo yoyote juu ya jinsi ya kuzipiga. Mwaka 1969 alishiriki kuanzisha Scratch Orchestra mjini London, kundi lililowakubali waliosomea muziki na wasiousomea. Katika sehemu mojawapo ya kazi yake The Great Learning, kila mwimbaji huimba kila mstari kwa kadiri ya pumzi yake, kisha huchagua sauti ya mstari unaofuata kutoka miongoni mwa zile anazozisikia kwa wenzake. Hakuna kiongozi. Asiyemsikiliza jirani yake hawezi kuendelea. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa usawa unaotendwa badala ya kuhubiriwa.

Lakini Cardew aliikana kazi hiyo. Alipokuwa mfuasi wa siasa za Mao, alichapisha mwaka 1974 kitabu ambacho jina lake linamshtaki Stockhausen kwa kuutumikia ubeberu, na humo akazihukumu pia kazi zake mwenyewe. Usawa wa ukumbini, alidai, ni wa ukumbini tu. Mfanyakazi wa kiwandani hauhitaji wala hausikii. Kwa miaka iliyobaki alitunga nyimbo nyepesi za mapambano na vipande vya piano vilivyojengwa juu ya nyimbo za wafanyakazi, hadi alipogongwa na gari na kufa mjini London mwezi wa Desemba 1981.

Shutuma hii si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walisema kwamba mashairi yasiyo na vina wala mizani hayaimbiki, kwa hiyo si ya watu. Watetezi wake wakajibu kwamba lugha ya kila siku ndiyo ya watu. Kila upande ulijidai kuwa karibu zaidi na umma, na umma haukuulizwa. Kasoro iyo hiyo imo katika mageuzi ya Cardew. Alidhani kwamba wepesi wa wimbo ndio unaoupeleka kwa mfanyakazi. Lakini wimbo mwepesi uliotungiwa watu na mtu mwingine ni mgeni kwao vile vile, na Cardew hukumbukwa leo zaidi kwa zile kazi alizozikana.

Nchini Kenya suala hili limewahi kujibiwa na historia. Katika kituo cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walishiriki kuitengeneza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakiongeza nyimbo zao na kusahihisha lugha. Serikali iliondoa kibali chake mwezi wa Novemba 1977. Mwaka 1982 Maitũ Njugĩra, tamthilia iliyojaa nyimbo, ilinyimwa ukumbi, na baadaye jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Nyimbo hizo hazikuwa za majaribio kwa maana ya Reich au Cardew; nyingi zilikuwa za kale. Jaribio lilikuwa katika swali la nani anatunga na nani anasahihisha. Mamlaka hayakuhangaishwa na ugumu wala wepesi wa lahani. Yalihangaishwa na watu walioishika sauti yao wenyewe.

Kwa hiyo shutuma ya Cardew ni ya kweli katika sehemu moja: umbo jipya peke yake halimkomboi mtu. Inakosea inapodhani kwamba umbo la zamani hufanya hivyo. Nayo ile kanuni ya kumsikiliza jirani kabla ya kuchagua sauti haikuwa na kosa. Iliyokosekana ni njia ya kuitoa nje ya mlango wa ukumbi.

Hitimisho

Ikirejewa ile hoja ya mwanzo, yaonekana kwamba muziki wa majaribio hubeba ujumbe kwa kumweka msikilizaji na mpigaji katika uhusiano fulani wanaolazimika kuuishi kwa muda: mahali pa asiyeelewa, mahali pa anayejua mwisho wa barua, mahali pa anayemtegemea jirani. Uhusiano huo una wahusika, na mmoja wao mara nyingi ni mtu asiyekuwamo ukumbini. Ndiyo maana kuihukumu kazi kwa fani yake na kuihukumu kwa uadilifu wake ni kazi moja. Come Out ikipigwa pasipo kisa cha Hamm, imepungua kimaadili, na imepungua vile vile kama muziki, kwa sababu kile kinachoyeyuka ndani yake hakijulikani ni nini.

Madai yanayofuata si mazito. Mwenye kuipiga kazi ya namna hii amtaje aliyetoa sauti kwa jina lake, aeleze yaliyompata, na aeleze pia yaliyofuata: kwamba hukumu ilibatilishwa, kwamba alitoka baada ya miaka kumi. Mwalimu anayeifundisha asianzie kwenye vinasa sauti. Na msikilizaji, kabla neno halijaanza kugawanyika, anazo nafasi tatu za kuisikia sentensi ikiwa nzima. Anapaswa kuisikia mara zote tatu kama anavyosikilizwa shahidi, akijiuliza angefanya nini kama angekuwa kituoni usiku ule, na kama angeamini kabla ya kuiona damu.